Muuzaji Aliyesema "Hiki Usichukue"

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1957, Bwana Emil Vandersloot anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuzungusha vitabu vya kampuni yetu, Marsh na Holloway ya Chicago, katika maduka ya Illinois na Indiana. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, na nimesisitiziwa niwe mchangamfu. Nitajaribu.

Alianza na sanduku moja la vitabu vya kuonyesha na koti la kuazima. Kule Decatur aliwahi kumuuzia kinyozi hadithi ya upelelezi katikati ya kunyolewa. Kinyozi akaketi kusoma, na Emil akaja kwenye mkutano wetu wa mauzo na nywele za upande mmoja. Tulicheka mpaka mkutano ukaahirishwa.

Kila kitabu alikisoma kabla ya kukiuza. Akifika dukani, alianza na vibovu: "Hiki usichukue. Na hiki kitakuozea." Wenye maduka walicheka, kisha wakaagiza alichowaambia bila kuuliza swali. Katika biashara yetu kitabu kisichouzika hurudishwa kwa mchapishaji, lakini vya Emil vilirudi kwa nadra.

Mwaka 1955 tukaletewa mkuu mpya wa mauzo, Bwana Thayer, aliyetoka kuuza sabuni. Alichapisha mlima wa nakala za kitabu cha kanali mmoja kuhusu kupunguza unene kwa kula nyama, akawapa wenye maduka bei ya chini kwa sharti kwamba hakirudishwi hata kimoja. Akamwita Emil.

"Wewe wanakuamini, mzee. Waambie umekisoma, kimekunyima usingizi."

"Sijakisoma."

"Basi pensheni yako nayo utaisoma gazetini tu, mkononi huipati."

Bi Greta, mke wa Emil, alikuwa mgonjwa kitandani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Emil aliinama.

Mauzo ya msimu ule ni rekodi ya kampuni hadi leo, na nimeagizwa niitaje kama kilele cha utumishi wake. Nimeitaja.

Sikuagizwa kumtaja Bi Cora Haskett, mwenye duka la vitabu kule Peoria, aliyemwekea Emil kahawa na pai ya tufaha kila msimu tangu enzi za mdororo wa uchumi. Alijaza dirisha zima kwa kitabu cha kanali yule. Jua lilifubaza majalada, wateja wakapita, na hela zake zote zikabaki humo dirishani. Majira ya baridi yaliyopita alifunga duka. Emil aliniomba twende tukamsaidie kufungasha, nami nikaendesha gari.

Bi Cora alimsubiri afunge sanduku la mwisho.

"Emil, hebu niambie. Kile kitabu ulikisoma kweli?"

"Hapana, Cora."

"Nilijua. Ungekisoma ungeniambia nikiache."

"Sasa mbona ulichukua?"

"Miaka yote hiyo hujawahi kuniomba kitu. Nikasema, leo mwenzangu ana shida."

Emil alikaa juu ya sanduku akalia, mtu mzima mwenye mvi. Bi Cora akaenda kuchemsha kahawa.

Tangu siku hiyo akiingia dukani huweka orodha mezani na kunyamaza, na wenye maduka hujichagulia wenyewe. Bwana Thayer anasema uzee umemfanya apoe. Kesho yake baada ya sherehe hii, Bwana Thayer ataendelea kuwa mkuu wetu, nasi tutaendelea kusema ndiyo bwana.

Asante, Emil, kwa vyote ulivyotuambia tuviache. Jioni hii utakabidhiwa nakala ya kitabu cha kanali, yenye jalada la ngozi na jina lako kwa herufi za dhahabu. Lilikuwa wazo la Bwana Thayer. Tunakuombea uzee wenye raha, afya kwa Bi Greta, na kahawa ya Peoria usiikose. Kitabu hicho usichukue.