Dakika Tatu za Kaka Yake Arlene

Bi Kubiak, ambaye jina lake lilikuwa chini ya kila barua, alikuwa akizikunja barua hizo mapajani ndani ya basi la jioni, hapa mjini Buffalo, Marekani. Mzee aliyeketi kando yake aliomba nusu, naye akaanza kukunja. Mimi nilikuwa nyuma yao.

"Za nini, mama?" mzee aliuliza.

"Nawaita majirani kwenye kikao cha manispaa, Alhamisi, tukapinge. Wanataka kuruhusu ile nyumba ya kona, mtaani kwetu, ikaliwe na wagonjwa sita wa akili. Sina roho mbaya, baba, ila nina wajukuu. Wapelekwe kwingine."

"Kwingine wapi? Huu ni mtaa wa tatu kukataa." Alipitisha ukucha kwenye mkunjo. "Mmoja wa hao sita ni dada yangu, Arlene. Ana miaka hamsini na minane, na anaogopa paka."

Bi Kubiak akamgeukia. "Sasa mbona unanisaidia?"

"Zina tarehe na saa. Nataka watu waje wanisikie. Kila msemaji hupewa dakika tatu. Mtaa uliopita, dakika mbili nzima nililia, muda ukaisha, wakazima kipaza sauti."

"Pole. Lakini mimi nitapinga vilevile."

"Pinga tu. Ila usinitangulie kusema, utanivuruga."

Nimesikia watu wakigombea dirisha la basi hili kwa ukali zaidi.

Basi liliposimama kituoni kwake, Bi Kubiak alizichukua zilizokunjwa. Zilizobaki bila kukunjwa alimwachia mzee mapajani.

"Hizo utaniletea kesho, kwenye basi hili hili," alisema, akateremka.