Marehemu Mzee Baiti na Rekodi ya Saba

Marehemu, ambaye wote tulimwita Mzee Baiti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa dereva na mshonaji. Akiwa na miaka tisa alizipanga upya karatasi za vipimo za mama juu ya kitambaa, na kitambaa cha mashati mawili kikatoa matatu. Mama akamwambia, "Haya mwanangu, hilo la tatu ni lako."

Alihitimu shahada ya kompyuta mwaka 2003, akaajiriwa katika kitengo kinachotunza kiini cha mfumo, ile sehemu inayoendesha nyingine zote. Kila faili linalofunguliwa huwekewa rekodi kwenye kumbukumbu, na seva moja hubeba rekodi hizo kwa mamilioni. Rekodi moja ilichukua nafasi ya baiti 640, baiti zikiwa vipande vidogo vya kumbukumbu. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu, wenye baiti 4096, ulibeba sita. Kwa miaka minne, haba na haba, alihamisha hiki, akaziba mwanya ule, hadi ikafika 576. Ukurasa ukabeba saba, wala hakutupa cha mtu.

Mwaka 2008 alimwoa mwalimu wa hesabu, ambaye mpaka mwisho alilalamika, "Baba Pacha, nguo zangu umezikunja hadi sizioni!"

Februari 2023 figo zilimlaza. Hajamaliza hata wiki wodini, mkuu wake wa kitengo akaongeza kwenye rekodi nafasi ya baiti kumi na sita, eti huenda ikahitajika baadaye. Hakumuuliza. Rekodi ikawa 592, ukurasa ukarudi kubeba sita. Miaka minne ya mtu, kwa mstari mmoja! Dada yake, anayesoma haya, alikuwa kando ya kitanda marehemu alipompigia mkuu huyo simu.

"Bosi, hapo mtaweka nini?"

"Bado hatujajua. Lakini kaka, si baiti kumi na sita tu? Wewe pona kwanza."

Tu! Mgonjwa alijifunika shuka usoni, akalia. Aliandika barua tatu. Akajibiwa kwa kadi ya kumtakia nafuu. Imetuuma, na hatutajifanya haijatuuma. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi. Nafasi ile ingali tupu.

Ameacha mjane, mapacha wawili, mama na ndugu wanne. Yeye apumzike kwa amani, sisi bado. Mkuu wa kitengo, aliyeketi safu ya pili, ameleta shada kubwa la maua. Familia imelipokea, na inamwomba akitoka hapa makaburini aende moja kwa moja ofisini akazitoe zile baiti kumi na sita.