Ufunguo wa Mlango wa Maji

Sikilizeni wanangu, na kwanza niwataje mlioketi hapa, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakuambiwa: Emery Mulenga, mwanangu wa kwanza, mwangalizi wa bwawa letu la samaki hapa Kasungami, Espérance Mulenga, dada yake, anayeandika maneno haya, na Chama Ngosa, jirani yetu wa bondeni, ambaye kijito humfikia kikiwa kimekwisha kupita kwetu.

Emery, samaki walipoanza kufa ulifungua vidonge vya kapsuli ukamwaga unga wake bwawani, ukawaambia wanunuzi kwamba ni vitamini. Si vitamini. Ni tetrasiklini, dawa ya kuua vijidudu, na kila kitu kiitwe kwa jina lake. Nilipokuuliza ulinijibu, "Papa, bantu bote banafanya vile! Samaki iko munene, inaisha mbio ku soko, weye unalilia nini tena?" Na Chama alipokuja kulalamika, kwa sababu watoto wake huoga maji yale, ulimcheka: "Chama, uhamie juu basi!" Alirudi kwake, na tangu siku ile hamsalimiani.

Kidonda cha mguu wangu mnakijua. Daktari amesema vijidudu vyake vimeizoea dawa ya namna hiyo, havifi tena. Sisemi ni samaki wetu walionifikisha hapa. Yeye hakusema hivyo, nami sitasema. Lakini nimewala kila Jumapili, na wanunuzi wetu wanawala vilevile bila kujua wanakula nini.

Basi. Nyumba ni ya Espérance. Bwawa ni lako, Emery, ila ufunguo wa mlango wa kutolea maji namwachia Chama. Bila kupunguza maji huwezi kuvua samaki wa kuuza. Kwa hiyo utashuka kwake, utamsalimu kwanza, utamwambia umetia nini majini, kwa jina lake, na akiridhika yeye ndiye atakayefungua.

Kwenye kilio changu watu watangoja samaki wa Mulenga. Wapikieni maharagwe.

Espérance, maji... ya kunywa, kidogo tu. Endelea kuandika. Mungu awatunze nyote watatu, wa juu na wa bondeni, na watoto wenu waoge salama... Emery, ufunguo uko mfukoni mwako. Mpe. Mkononi mwake, mwanangu... mpe nione.

Chama alipokea ufunguo. Baba alikufa Jumatano asubuhi.