Aliyesimama Baada ya Maili Ishirini na Tano: Maisha ya Verl Aagard Mortensen, 1943–2024

Ndugu, jamaa, majirani wa Kata ya Nne ya Ephraim, na madereva mlioacha magari yenu makubwa kwenye uwanja wa kanisa kwa kuwa njia ya makaburini haiyahimili: familia ya Mortensen inawashukuru kwa kufika. Tunamzika mume, baba na babu ambaye kwa miaka thelathini na tisa aliamini kwamba huenda alimuua mtu barabarani kwa uzembe wake. Alikaa na hofu hiyo peke yake karibu miaka hiyo yote. Tunaanza na jambo hili kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza tuanze nalo. Nasi tunafurahi kusema mapema kwamba hakumuua mtu, na kwamba alilijua hilo siku kumi na nane kabla ya kufariki.

Verl alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 hapa Ephraim, Utah, mtoto wa nne wa Jens na Thora Mortensen, wafugaji wa batamzinga. Kazi yake ya kwanza ya usafirishaji aliifanya akiwa na miaka kumi na mbili. Alifunga matenga ya batamzinga kwenye gari la baba yake, nayo matenga yakafunguka katikati ya mji, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Askofu alimkamata mmoja kwa mikono yake. Babu yetu Jens hakumchapa. Alisema tu, "Kamba haina kosa, mwanangu. Kosa ni la aliyeiamini." Verl alipenda kutusimulia kisa hicho, na kila mwaka idadi ya batamzinga iliongezeka.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari ya Manti, akahitimu mwaka 1961. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa sana, isipokuwa katika jiometria, ambayo alisema ndiyo somo pekee lililomfuata barabarani. Alilitumikia kanisa miaka miwili nchini Denmark, akarudi akijua kwa Kidenishi kusali, kuomba radhi, na kuomba kuongezewa viazi.

Mwaka 1965 aliajiriwa kama fundi katika karakana moja mjini Richfield. Tarehe 18 Juni 1971 alifunga ndoa na Norma Deane Lund katika hekalu la Manti. Mama Deane anasema alimkubali kwa sababu alikuwa mwanamume wa kwanza kufika kwao akiwa na gari lenye taa zote nzima. Walijaliwa watoto watatu: Kaye, Rulon na Dalene.

Miaka ile pikipiki za magurudumu matatu, za kupandia milima ya mchanga, zilianza kupendwa kama peremende. Maduka ya miji midogo yalizitaka haraka, na Verl alikuwa na pikapu na trela. Akaanza kuzisafirisha siku za mapumziko, jimbo hadi jimbo, bila kibali cha kubeba mali ya watu na bila bima ya mzigo. Wengi walifanya hivyo. Hatumtetei kwa hilo, maana naye hakujitetea.

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Novemba 1984, alipakia pikipiki nne mjini Rock Springs, Wyoming, azipeleke Pinedale, maili mia moja kaskazini. Upepo ulikuwa unasukuma theluji barabarani, na ndani ya gari kulikuwa na joto zuri. Alifunga mikanda kwenye mwili wa kila pikipiki, juu ya springi, badala ya kuifunga kwenye ekseli. Mnaoifanya kazi hii mnajua kinachofuata: kila shimo, springi inabonyea, mkanda unalegea kidogo, na mzigo unaanza kucheza. Angesimama mara moja tu kuutazama, angeuona umelegea. Hakusimama. Alipofika Pinedale alishusha pikipiki tatu.

Alirudi nyuma akitafuta. Mbele kidogo ya Farson aliona mburuzo mrefu kwenye lami, vipande vya kioo, na alama za magurudumu ya gari lililoacha barabara na kuingia vichakani. Pikipiki haikuwapo, wala gari halikuwapo. Aliokota kipande kimoja cha kioo. Juma lililofuata, alipopita tena Rock Springs, alisikia watu dukani wakisema kwamba msafiri mmoja amefia kwenye barabara ile siku chache nyuma. Hakuthubutu kuuliza siku gani. Hakwenda polisi, kwa sababu hakuwa na kibali na alikuwa na watoto watatu. Nyumbani alikuwa amemwambia Mama Deane kwamba pikipiki moja imepotea njiani, na wala hakuongeza neno.

Kuanzia hapo akawa yule mliyemjua nyinyi. Kabla mwaka ule haujaisha aliomba leseni, bima, kibali cha majimbo na cheti cha daktari, na hakubeba hata tairi mpaka vyote vilipotoka. Alifunga mikanda minne kwa kila chombo, chini, kwenye ekseli. Alipitisha minyororo ya usalama kwa kuikingamanisha chini ya kiungio cha gari na trela, ili kiungio kikikatika, shingo ya trela idakwe isiguse lami. Chombo kikiwa kipana kuliko sheria inavyoruhusu, aliomba kibali cha upana, akaweka vibendera vyekundu, na jua likizama aliegesha. Na kila safari, iwe ya Arizona au ya Montana, alisimama baada ya maili ishirini na tano, akazunguka trela, akavuta kila mkanda, akagusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono kusikia kama beringi imeshika moto. Alikiita Kituo cha Kwanza. Trela ikielekea kusini, kituo hicho kilikuwa kwenye maghala ya nafaka ya Gunnison.

Hata siku ya harusi ya Kaye, mwaka 1998, alisimama. Hakukuwa na trela. Kulikuwa na keki ya ngazi tatu kwenye kiti cha nyuma, imefungwa mikanda miwili.

"Baba, watu wanangoja," Kaye alisema, gauni likiwa limejaa mpaka dirishani.

"Bwana harusi hatakimbia. Nimeangalia gari lake, halina tairi la akiba wala mafuta ya kufika mbali."

"Na keki nayo unaigusa beringi?"

"Ngazi ya kati imeegemea kidogo. Ingefika imeanguka ungenishukuru?"

Keki ilifika nzima, pamoja na joto lote lile la Julai.

Wateja walimtania. Mmoja wa Moab alimwomba apakie vigari vitano kwenye trela iliyosajiliwa kwa uzito wa vinne. "Kimoja tu, mzee Verl. Nani ataona? Mizani leo imefungwa." Verl alijibu, "Basi kisubiri siku itakapofunguliwa." Yule bwana akamwambia kwamba ameoa mizani. "Ingekuwa hivyo ningekuwa mwembamba," alisema, akaondoka na vinne.

Kwenye mizani ya kuingilia Wyoming maafisa walimjua kwa kikohozi. Afisa mmoja, Bi Twila Hanks, ambaye yupo nasi leo, anakumbuka mara ya kwanza alipotaka kumkagua. Verl alimkabidhi karatasi zote zikiwa zimepangwa, kisha akaanza kulizunguka gari la afisa.

"Mzee, umekuja kukaguliwa au kunikagua?"

"Taa yako ya breki ya kushoto imekufa, binti. Ningekuwa nyuma yako ningekugonga."

Bi Twila anasema aliibadilisha taa hiyo huku Verl akimshikia bisibisi, na foleni ya malori ikipiga honi.

Miaka thelathini na mitatu, kutoka 1985 mpaka alipostaafu 2018, hakuangusha mzigo wala kuandikiwa kosa hata moja. Sisi tulidhani ni tabia yake tu ya ukaidi wa Kidenishi. Hatukujua kwamba kila aliposimama Kituo cha Kwanza alikuwa anasimama kwa ajili ya mtu wa Farson.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Kuanzia Septemba 2023 alitumia mashine ya hewa na hakutoka tena nje ya uzio. Usingizi ukampotea. Asubuhi moja ya Februari mwaka huu alimwomba Kaye amletee kipande cha kioo kilichokuwa juu ya kizuia jua cha pikapu ya zamani. Akakiweka mezani, karibu na bakuli la uji.

"Deane," alisema, "nimeua mtu."

"Umeua nani, Verl? Tangu kiangazi hujavuka geti."

Ndipo akasimulia. Alipomaliza, Mama Deane alimuuliza, "Na miaka yote hii umelala na hilo ubavuni, na mimi ubavu wa pili?" Akajibu, "Wewe ulikuwa unakoroma. Lenyewe lilikuwa kimya." Walicheka kidogo, kisha Mama Deane akalia, na Kaye akachukua kalamu.

Kaye aliweka tangazo katika gazeti la wiki la wilaya ile ya Wyoming: pikipiki nyekundu ya magurudumu matatu iliyoanguka mbele ya Farson tarehe 14 Novemba 1984, aliyeiangusha anaomba kujua kama kuna mtu aliyeumia, na yuko tayari kubeba lawama. Yalipita majuma saba bila jibu. Verl alisema kimya hicho ni jibu tosha. Siku ya Alhamisi, tarehe 18 Aprili, simu ililia saa nne asubuhi. Alikuwa Bibi Graciana Arrambide, mfugaji wa kondoo, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Kaye alifungua spika ili baba yake asikie.

"Wewe ndiye mwenye pikipiki?"

"Ndimi, mama. Nani aliumia?"

"Kondoo dume mmoja. Lakini hiyo ilikuwa mwaka 1989, na alijitakia."

Verl hakucheka. "Mama, nakuuliza siku ile."

"Siku ile hakuumia mtu. Mume wangu Ximun alikuwa nyuma yako, nusu maili, ana marobota ya majani. Aliiona ikianguka. Alikupigia honi, akakuwashia taa, nawe ulikuwa unakimbia kama umeiba. Akashuka, akaifunga kwa mnyororo, akaivuta nje ya barabara kabla gari lingine halijapita. Alama za magurudumu ni zake. Kioo ni cha taa ya pikipiki yako mwenyewe."

"Na yule msafiri aliyekufa?"

"Huyo alipinduka Jumapili iliyofuata, kwenye barafu. Mimi mwenyewe nilipeleka chakula msibani. Pikipiki yako siku hiyo ilikuwa bandani kwetu, imelala."

Kisha Bibi Graciana akaendelea mwenyewe, maana naye alikuwa na lake. "Tuliingoja wiki nzima mwenyewe aje. Wiki ya pili Ximun akavuta kamba, ikawaka. Tuliichungia kondoo miaka ishirini na mmoja. Kila trela ikikata kona kuja kwetu alikuwa anakimbia kufunga mlango wa banda. Mpaka anakufa alikuwa anakuogopa wewe."

"Ananiogopa mimi?"

"Nani mwingine?"

Ndipo Verl alipocheka, mpaka Kaye akamwongezea hewa. Alipotulia, Bibi Graciana alimuuliza swali moja tu: aliifunga wapi. "Mwili," Verl alisema. "Sikufunga ekseli."

"Ximun alisema hivyo hivyo siku ile. Alisema, huyu maskini amefunga mwili."

Mchana huo Verl alikula mayai mawili na mkate, akalala mpaka siku ya pili jua lilipomfikia usoni. Siku zilizobaki alipokea wageni, akamsimulia kila mmoja habari za kondoo dume. Alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 6 Mei 2024, saa moja na robo asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Deane. Muuguzi alisema hajaona uso uliolegea vile.

Ameacha mjane, Norma Deane. Watoto watatu, Kaye, Rulon na Dalene. Wajukuu wanane na vitukuu wawili. Na dada yake, Ardith wa Mount Pleasant. Bibi Graciana Arrambide ameendesha gari kwa muda wa saa saba kuwa nasi, na yumo katika safu ya familia. Amekuja na paja la kondoo, ambalo akina mama wa kata wameliweka kati ya viazi vya jibini na jeli ya kijani. Mkimaliza hapa, karibuni chakula.

Haya ya mwisho hayamo katika karatasi mlizoshika, kwa kuwa yametokea saa moja iliyopita. Verl aliagiza jeneza lake lipandishwe kwenye trela yake, mikanda minne, minyororo ikingamane, na msafara usimame njiani. Kutoka kanisani hadi hapa ni maili moja na nusu, hivyo tulisimama mbele ya ofisi ya posta. Wengine mlipiga honi. Rulon alishuka, akazunguka, akagusa vitovu vyote vya magurudumu kwa mgongo wa mkono, vilikuwa baridi. Akavuta mikanda. Wa nyuma kushoto ulikuwa umelegea upana wa kidole.

Akaukaza, tukaendelea, na tumemfikisha. Mungu ampe usingizi mwema ule aliouanza mwezi Aprili.