Pu Hrangthanga, Muuza Viatu Aliyeitafuta Barabara

Wachungaji wetu, ndugu wa ukoo, na nyote mliokesha nasi mkiimba katika nyumba hii, marehemu mzee wetu, Pu Hrangthanga, alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa Zotlangkawn, mtoto wa nne wa baba yake, Pu Thangkima, na mama yake, Pi Dengi, akaanza shule ya kanisa mwaka 1956, akafika darasa la nane, na machafuko ya mwaka 1966 yalipoifunga shule hakurudi tena darasani, jambo lililomuuma ingawa hakulisema sana.

Mwaka 1971 alianza kuuza viatu, akivibeba kutoka Aizawl, mji mkuu wa jimbo, kwa kikapu cha mgongoni, na mwaka 1975 akafungua duka pale sokoni, ambapo mteja akilalamika, "Pu, hivi vinabana!" alijibiwa, "Vivumilie wiki moja, mwanangu, mke wangu ananivumilia mimi hadi leo."

Mke huyo ni Pi Sangzuali, aliyefunga naye ndoa tarehe 14 Januari 1976, Mungu akawajalia watoto watatu, Mapuia, Rinpuii, na Zodina aliyefariki Julai 1984 akiwa na miaka mitano, mikononi mwa mama yake, wakipelekwa hospitali, mlima ulipoporomoka na gari likakosa njia.

Kwa sababu ya mtoto huyo aligombea ubunge wa jimbo mwaka 1998, na wanawake wa sokoni wakamtania, "Barabara ikiwa nzuri, Pu, nani atanunua viatu vyako?" naye akasema, "Basi nitauza ndala, lakini magari yapite!" akashinda, akashinda tena 2003, akapigania fedha mpaka barabara ikapanuliwa, lakini mlima haukukubali, ukaporomoka kila masika, na hata alipokwenda na koleo lake kuchimba tope pamoja na vijana, watu walisema, "Mheshimiwa, bora ungebaki dukani," na mwaka 2008 hawakumchagua.

Alirudi dukani bila kinyongo, ila Pi Sangzuali anajua kwamba hakupita tena sokoni bila kuinamisha kichwa.

Mwezi Mei mwaka huu figo zake zilianza kushindwa, akalazwa Aizawl, akamwambia mkewe, "Mama Mapuia, nilaze kando ya Zodina, hata kama watanicheka," akafariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 11 Julai 2019, mvua ikiwa imeikata barabara mahali pale pale alipofia Zodina.

Wabunge wenzake wa zamani, kwa upendo, walitoa kaburi huko Aizawl, kwa kuwa maiti haikawizwi, na Pi Sangzuali alikaa kwenye benchi la hospitali akiogopa kuwapigia simu watu wa mji aliodhani bado wana hasira, mpaka binti yake Rinpuii alipopiga kwa niaba yake, na kiongozi wa vijana, Vanlalpeka, akaomba kusema na mama mwenyewe, akamwambia, "Pi, wewe tuletee mzee mpaka kwenye tope, sisi tutakuwa ng'ambo tunakungoja. Au ulidhani tutamwacha kwa watu?"

Walikuwepo kweli, vijana kwa wazee, mvua ikiwanyeshea, wakavuka tope hadi kiunoni, wakapokezana jeneza begani, na mmoja akapiga kelele, "Taratibu jamani, huyu ndiye mheshimiwa wetu!" ndipo mjane, ambaye hakuwa amelia tangu hospitalini, akalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wabunge waliotoa gari na kaburi ambalo hatukulitumia, majirani waliopika chai na wali, kwaya, na vijana waliochimba kaburi leo Jumamosi kando ya mtoto wake, na Pi Sangzuali ameomba msomewe hivi: "Mume wangu aliondoka duniani akidhani amewaangusha, nami nilidhani hivyo hivyo, sasa sidhani tena."

Baba Mapuia, barabara haikukamilika, lakini watu wako wamekufikisha. Pumzika, mlima huu ni wako.