Mutheu Amekata Kwaya Nzima

Nje ya kibanda cha Kaluki, pale unapoacha soko la Machakos kuelekea kwa maseremala, kuna benchi refu lililowahi kuwa la kanisa. Kanisani lilifukuzwa kwa sababu linayumba. Hapa linayumba vilevile, ila hakuna anayelalamika, kwa kuwa waliolikalia nao hawajatulia. Kaluki anauza kahawa ya tangawizi kwa vikombe vidogo, na ukikaa unaongezewa elimu ya bure ambayo chuo chetu kikuu, pamoja na karo yake yote, hakijaweza kunipa. Wiki hii somo lilikuwa filamu. Ndunda, kijana wa hapa hapa mjini, ametengeneza filamu ya kuchekesha inayoitwa Homa ya Harambee, na siku ya kupiga picha aliwaomba watu wa benchi waje wawe umati. Wakaja. Jumapili akawaonyesha filamu iliyokamilika, kabla ya kuifungulia mji mzima Jumamosi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walipomaliza kucheka, wakagundua kwamba wao wenyewe hawamo.

Aliyewatoa ni Mutheu, mhariri wa filamu, rafiki yangu tangu shule ya upili, kwa hivyo msinitarajie niwe katikati. Ndunda, ambaye ujasiri wake wote uko nyuma ya kamera, aliogopa watu hawa wasije Jumamosi na familia zao. Akaahidi: benchi likisema warudishwe, watarudishwa. Filamu atapewa mtu mwingine huko Nairobi aiunganishe upya, na filamu inayofuata atapewa huyo huyo. Mutheu atarudi alikotoka. Basi Alhamisi asubuhi mahakama ikaketi: walalamishi watatu, ambao kwa bahati njema ndio pia majaji.

Alifungua Mzee Nzuki. Tunamwita Hansard, maana alikuwa karani wa baraza la mji na anakumbuka kila hotuba iliyotolewa humu, hasa zake.

Hansard: Mimi nilivaa suti. Hiyo iandikwe. Suti ya harusi ya binti yangu, kwa jua lile.

Wakili: Suti ni nini, mzee? Mimi nilifunga duka.

Huyu ni Kibe. Duka lake ni ubao wa kuning'iniza makava ya simu. Sheria hajaisoma, lakini aliwahi kushtakiwa.

Mama Kwaya: Nyinyi mlikuja mtu mmoja mmoja. Mimi nilileta kwaya. Na sare! Tukaimba beti zote. Jumapili natoa macho kwa hiyo filamu, naona nini? Tamburini. Tamburini na mkono. Na huo mkono ni wa Winrose, ambaye hata mazoezi hakuji!

Huyo ni Mwikali. Akikasirika, hukasirika kwa sauti ya kwanza.

Kaluki: Aki nyinyi. Kwani huyo mtu wa kuhariri anafanyanga nini haswa?

Lilikuwa swali la heshima, na lilistahili mtu anayejua. Likaangukia benchi.

Hansard: Ni karani. Kazi ya karani ni kuweka yote yaliyosemwa. Mimi miaka yangu yote barazani, diwani akikohoa, naandika: amekohoa. Ningemkata diwani, ningelala ndani.

Wakili: Hakuna cha karani. Siku hizi mashine inajikata yenyewe. Mimi niko na hizi simu kila siku, najua. Huyo msichana amewekwa hapo alinde kompyuta isiibwe.

Hansard: Alinde kompyuta?

Wakili: Ndio. Sasa ukikaa na kitu hujui kazi yake, si unaanza kufinyafinya? Akafinya, tukaenda.

Mama Kwaya: Wee, hakufinya kwa bahati mbaya. Ni wivu. Alikuja kwa kwaya akiwa mdogo, nikamwambia, mtoto wangu, wewe utakuwa unatubebea vitabu. Hajasahau. Amengoja miaka yote hiyo anilipe.

Nikajaribu kumwaza mtu anayesoma kazi ngumu ya kuunganisha picha na sauti, anakopa kompyuta, anakesha, anajenga jina, ili siku moja aje atoe kwaya moja ya Machakos kwenye filamu moja. Kisasi cha aina hiyo kingestahili filamu yake.

Wakili: Sawa, tuseme ni wivu. Mimi niulize kitu moja tu. Fundi wa nguo akikata suruali, vile vipande vinabaki vinaenda wapi?

Kaluki: Anashonea mtoto wake kaptura.

Wakili: Asante, mama. Sasa sisi tumekatwa. Tuko wapi?

Vichwa vikageuka. Hata mimi, nakiri, niligeuka kutazama barabarani.

Wakili: Kuna filamu nyingine. Imeshonwa na sisi tu. Hiyo ya Ndunda ni danganya toto. Ile kubwa iko nje.

Mama Kwaya: Nje wapi? Athi River?

Wakili: Ng'ambo! Ng'ambo, mama. Watu wamejaa ukumbi, wanalia kwa kucheka. Wanakuuliza wewe ni nani. Mzee hapa na suti yake, hiyo suti imeanza kushonwa huko.

Hansard akanyoosha ukosi wa shati, polepole, kama mtu aliyeshuku jambo hilo kwa muda mrefu.

Hansard: Ndio maana juzi mzungu alinisalimia pale benki.

Mama Kwaya: Na wimbo wetu?

Wakili: Umetafsiriwa. Lakini wameshindwa kufikia sauti yako.

Hapo nikasimama. Chuoni, kwenye midahalo, hoja kama hizi zina jina, na mwenyekiti ana kengele. Nikawaambia kwamba filamu si daftari la mahudhurio. Kwamba kicheko kina mwendo wake, ukikichelewesha kinakufa. Kwamba mhariri ndiye anayeamua tuone nini, kwa muda gani, na baada ya nini. Na kwamba ni aibu kumhukumu msichana kwa kuijua kazi yake kuliko wanaomhukumu. Nilitua mahali pa kutua. Nilishusha mkono mahali pa kushusha mkono. Mashindanoni ningepigiwa meza.

Hansard: Umeongea vizuri sana. Wewe pia alikukata?

Kwa hoja hiyo nikaketi.

Ndunda akatokea kwa upande wa soko, kompyuta kwapani, macho chini kama aliyepoteza sarafu. Nyuma yake Mutheu, kichwa juu. Akasalimia kila mtu kwa jina na kwa heshima, jambo lililowaudhi zaidi.

Mutheu: Mzee, habari ya asubuhi. Mwaitu, hamjambo. Kibe, niaje.

Mama Kwaya: Usiniite mwaitu. Mwaitu wako, aliyekuzaa, ungemkata?

Mutheu: Angeimba beti zote, ningemkata.

Ni muhimu mjue alikotoka huyu msichana. Alianza na video za ntheo, ile siku familia ya bwana inapeleka mbuzi kwa kina bibi. Video ya ntheo ina sheria moja tu: aliyekuja aonekane. Wajomba wote waonekane wakiingia, wakiketi, wakila, wakibariki. Mutheu alipoanza kazi alifupisha baraka za mjomba mmoja kutoka Kivaa. Wakarudi watu wa pande zote mbili, waliokuwa hawajaelewana hata juu ya mbuzi, wakaelewana juu ya hilo. Mjomba akarudishwa mzima, pamoja na kile kikohozi chake cha katikati.

Lakini kukaa na wajomba kwa miaka kulimfundisha. Aligundua kwamba watu wakitazama video hizo hawacheki pale mshereheshaji anapofanya mzaha. Wanacheka nyanya akimtazama mbuzi, na mbuzi akimtazama nyanya. Akaanza kumwacha mbuzi pale kidogo zaidi. Siku moja mjomba akaapa mbele ya kamera kwamba hajaonja pombe tangu asubuhi; Mutheu akaweka kiapo, kisha kiti kitupu, kisha viatu viwili vikichungulia chini ya meza. Hakutoa mtu, hakuongeza neno. Familia ikairudia sehemu hiyo mpaka wakampigia simu mjomba. Ndunda aliona video hiyo kwa jirani, akamtafuta aliyeitengeneza.

Mutheu: Sasa nisikizeni. Karanja kwa hii filamu anajifanya mgonjwa ili achangiwe, si ndio?

Hansard: Ndio.

Mutheu: Amelala chini ya tenti, amefunikwa shuka, anaguna. Bahasha ya mchango imewekwa mezani. Mbuzi wa kupigwa mnada anakuja, anakula bahasha. Tunaona mbuzi anatafuna. Mara Karanja ameruka kitandani, amepona, anafukuza mbuzi. Jumapili mlicheka wapi?

Wakili: Hapo.

Mutheu: Hapo. Kati ya mbuzi kutafuna na Karanja kuruka hakuna nafasi. Hata mtu mwembamba haingii hapo.

Mama Kwaya: Na ndio mahali sisi tulikuwa!

Mutheu: Ndio mahali nyinyi mlikuwa, mwaitu. Wote. Na wimbo.

Wakili: Na huwezi kutuweka mahali pengine?

Mutheu: Mahali pengine mlikuwa mnakula.

Hansard: Msichana, tulialikwa. Mtu akialikwa, akaja, akakaa, akasema neno, huwezi kuambia watoto wake eti hakukuwa. Kesho nikienda, itabaki nini ya kuonyesha nilikuwa hapa?

Alisema hivyo bila mzaha wowote. Mutheu alimtazama mzee, kisha akatazama kikombe cha mzee. Ndunda, aliyenusa kwamba hukumu imefika, akafungua kompyuta haraka haraka.

Ndunda: Nimekuja na ile nzima, yenye kila mtu. Tuangalie hicho kipande kimoja. Mkisema hii ndio iende Jumamosi, iende. Mutheu, sio vibaya, lakini unaelewa hali.

Mutheu: Naelewa. Nitatoa jina langu. Weka.

Ndunda akaiweka kompyuta kwenye mwisho wa benchi usioyumba sana. Tukasongeana. Mbuzi akatafuna bahasha, na Kaluki akaanza kucheka, mkono mdomoni. Kicheko hicho hakikufika popote, kwa sababu hapo alitokea Hansard ndani ya suti, akaomba asalimie waliokaa mbele, kisha waliokaa nyuma, kisha waliosimama. Hansard wa benchi akawa anasema pamoja na Hansard wa kompyuta, neno kwa neno, midomo tu. Akafuata Wakili, amekunja uso kwa jua. Ikafuata kwaya kwa sare nyeusi na nyeupe, ikiingia kwa mwendo wa polepole, tenti imenyamaza, wazee wameinamisha vichwa. Nyuma yao Karanja, aliyekuwa amengoja aitwe aruke, alikuwa amechoka kungoja. Alilala usingizi wa kweli, shuka jeupe limempanda mpaka usoni.

Kila mtu kwenye benchi alikuwa ameinama mbele, akijitafuta. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekunywa.

Hatukumwona mwanamke mmoja alipofika. Baadaye alituambia anaitwa Wangare, analeta embe kutoka Matuu, na alikuwa amesimama tu apate kikombe cha kahawa. Alikuta watu wameduwaa mbele ya kompyuta, akachungulia juu ya bega la Wakili. Akatua chini kyondo, kikapu chake cha embe. Akavua kofia ya jua. Akasimama kimya, mikono imekutana mbele, akasikiliza ubeti mzima. Kisha akainama, akauliza kwa sauti ya chini sana:

—Poleni jamani. Marehemu alikuwa nani wenu?

Hansard akafungua mdomo. Huyu ni mtu aliyejibu maswali ya madiwani kwa miaka mingi, na mdomo ukabaki hivyo, wazi, bila kazi. Wakili akamtazama Hansard. Mama Kwaya akatazama kompyuta, ambapo Mama Kwaya mwingine alikuwa anavuta pumzi ya kuanza ubeti unaofuata.

Ndunda akanyoosha mkono, akafunika kompyuta. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Ndunda: Jumamosi tunaweka ya Mutheu.

Hakuna aliyepinga. Kaluki akainamisha birika, likatoa matone, likakoma. Akalitikisa.

Kaluki: Imeisha.

Wangare alidhani kimya kile ni uchungu. Akachutama, akachagua kwenye kyondo embe kubwa zilizoiva, akaziangalia kama hazijaoza, akanyoosha mkono kwa yeyote ambaye angepokea.

—Sina kitu cha maana. Mpelekeeni familia hizi.

Mutheu ndiye aliyezipokea, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akageuka na embe zake, akamtazama Hansard, akamtazama Wakili, akamtazama Mama Kwaya, akangoja. Akangoja kidogo zaidi, kama anavyomngojea mbuzi. Na Mama Kwaya ndiye aliyeanza kucheka.