Mama Sifuri, Mtahini Aliyekataa Kutia Sahihi

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi viatu. Alikuwa mtoto wa pili na binti wa kwanza. Alikulia katikati ya harufu ya ngozi na gundi, na tangu utotoni alikuwa mbishi wa kupindukia.

Alianza shule mwaka 1958. Darasani alikuwa mwepesi wa hesabu, lakini mwoga wa mitihani. Siku moja alirudi na karatasi ya maswali ya kuchagua yenye mapengo kibao, na baba yake akataka kujua sababu.

"Niliogopa, baba. Ukikosea wanakupunguzia alama."

"Kwa hiyo ukajipunguzia mwenyewe mapema?"

Baba alicheka hadi akaangusha nyundo. Binti hakucheka. Jambo lile lilimkaa moyoni.

Mwaka 1974 alihitimu ualimu, akaanza kufundisha hisabati. Wenzake walizoea kukata alama kwa kila jibu baya, ili mtu asibahatishe. Yeye alikataa katakata. "Jibu baya ni sifuri," alisema, "na sifuri inatosha." Wanafunzi wakambandika jina la Mama Sifuri, naye akalipokea kama zawadi.

Tarehe 18 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza feni za shule. Fundi alipomuuliza kama anamkubali au anamkataa, alijibiwa, "Kuna chaguo la tatu: nipe muda." Fundi alisubiri mwaka mzima, na hadi leo hujisifu kwamba alibahatisha vizuri. Mungu aliwajalia binti mmoja na wavulana wawili.

Mwaka 1983 alihamia baraza la mitihani, akapanda hadi kuwa mkuu wa usahihishaji. Huko nako ubishi haukuisha. Wenzake walimwambia, "Tukiacha kupunguza alama, hata kasuku atafaulu." Naye akawajibu, "Kasuku akibahatisha kati ya majibu manne, ataambulia robo. Weka alama ya kufaulu juu kabisa ya robo, umemfungia mlango. Lakini mtoto anayejua na anaogopa, yeye mnamsaidiaje?" Walimsikiliza, wakaendelea kupunguza.

Ndipo ukaja mtihani wa kujiunga na chuo cha uuguzi, mwaka 1994. Matokeo yalikuwa tayari, yakisubiri sahihi yake ili yatangazwe kesho yake. Akipitia majibu kwa mara ya mwisho, aliona jambo lililomshtua: karatasi za vituo vya upande mmoja wa nchi hazikuwa na pengo hata moja. Kila swali lilikuwa limejibiwa. Alipiga simu kwa wasimamizi, mmoja baada ya mwingine, na ukweli ukatoka. Katika kiwanda cha uchapaji, ukurasa wa onyo ulikuwa umesahaulika katika vitabu vya maswali vya upande ule. Watoto wa huko hawakuambiwa kwamba jibu baya lingewapunguzia. Walibahatisha kwa moyo mweupe, na mashine ya kusahihishia ikawakata alama bila huruma.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

"Mama, tia sahihi tu," mkurugenzi alisema. "Wanahabari wameshaitwa."

"Siwezi, bosi."

"Basi tuache kupunguza alama kwa wote. Si ndilo unalolililia kila mwaka?"

"Nikifanya hivyo nitawaumiza walioonywa. Wao waliacha mapengo kwa sababu tuliwatisha. Hakuna hesabu ya kuliponya hili. Mtihani urudiwe, na wote waambiwe neno moja: jibuni kila swali, kosa halipunguzi kitu."

Mkurugenzi alifunga mlango, akashusha sauti. "Unajua binti yako ni miongoni mwa waliochaguliwa?"

"Najua. Ndiyo maana naomba ufungue mlango, katibu wako naye anisikie."

Baraza lilikaa jioni ile, likavutana, na mwishowe likakubali. Mtihani ulirudiwa. Binti yake alikosa nafasi kwa alama chache.

Nyumbani hapakukalika. Mezani binti alimuuliza, "Mama, ulijua jina langu limo?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na bado ukaninyang'anya."

Mumewe alijaribu kuingilia kati, akaishia kuzunguka na glasi ya maji ambayo hakuna aliyeipokea. Wiki hiyo binti alihamia kwa shangazi yake, mji mwingine, akajifunza ushonaji. Kwa miaka mingi alikuja kwenye harusi na misiba tu, akamsalimia mama yake kama mgeni anavyomsalimia mwenyeji, akaondoka mapema.

Mwaka 1996 baraza liliacha kabisa kupunguza alama. Marehemu alistaafu mwaka 2011.

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua. Binti alifunga duka lake, akaja kumuuguza. Alimwosha, akamlisha, akamsindikiza hospitali, lakini habari ile hakuna aliyeigusa. Mwishowe mgonjwa mwenyewe aliianza.

"Bado una kinyongo?"

"Bado, mama."

"Ningefanya vilevile."

"Najua. Ndilo linaloniuma." Kisha binti akamvutia shuka mabegani. "Sogea kidogo, nikae karibu nawe."

Hawakulizungumza tena jambo hilo, wala hawakukubaliana. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Juni 2019 katika wodi ya wanawake, binti yake akiwa ameushika mkono wake, na wauguzi walilazimika kumsihi auachie.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili wa kiume, wakwe, wajukuu watano, na mdogo wake wa kiume anayewasomea haya. Alale kwa utulivu, dada yetu mpendwa.